Sultani wa Nyalenda na Swali la Mboga

Siku yangu ya kwanza kazini kama msaidizi wa afya ya mifugo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, niliripoti kwenye josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe karibu na Pap Onditi nikiwa nimevaa viatu vipya. Afisa wa Mifugo wa Tarafa alivitazama, akanipa mti wa kukorogea dawa, akasema, "Hivyo vya kanisani, Bwana Otieno, kesho uviache nyumbani." Kufikia jioni havikuwa tena vya kanisani.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa Kisumu mjini, chini ya Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mtu mfupi, mcheshi, mwenye maswali mengi. Habari za ng'ombe nilikuwa nikizijua, za paka nilijifunza kwake. Paka anayejikuna haogeshwi dawa ya josho, kwa kuwa hujilamba na dawa ikamuua. Kwanza unatafuta viroboto kwa kitana. Ukiwakosa, unakwangua ngozi kidogo na kuipima kwa hadubini, maana upele huletwa na vidudu visivyoonekana kwa macho.

Mama Zuhura, muuza maharagwe wa mtaa wa Nyalenda, aliniletea paka wake Sultani kwenye kikapu. Shingo ilikuwa haina manyoya, masikio yamejaa vidonda vya kujikuna. Bila paka huyo panya wangemaliza magunia yake, lakini mwenye nyumba alidai ataambukiza watoto upele. Alikuwa ameshatoa onyo: apone au atoke.

Viroboto sikuona. Vidudu sikuona. Nikauliza, "Chakula chake ni nini?"

"Ugali, Daktari."

"Ugali tu?"

"Chakula si ni ugali? Kwani wewe unakula nini?"

Nikampa dawa ya kupaka. Haikufaa. Nikamdunga sindano ya kutuliza mwasho. Akapoa kidogo, kisha akarudia kujikuna mpaka damu. Nikakata tamaa. Nilimwambia Mama Zuhura amlete Ijumaa nimlaze moja kwa moja, asiamke tena. Akafunika kikapu.

Ijumaa hiyo Daktari wa Wilaya alinikuta nikivuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Huyu ana kosa gani?"

Nikamweleza. Akamgeukia mwenye paka. "Mama, huo ugali anakula na mboga gani?"

"Omena, hawa dagaa wa ziwani. Kila siku. Hata mimi sili nyingi hivyo."

Daktari akanitazama. "Otieno, wewe mtu wa ziwani. Kwenu ugali unaliwa mkavu?"

Kwetu pia chakula ni ugali, na samaki ni mboga. Mama Zuhura alikuwa amenijibu sawasawa. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya.

Daktari alitufafanulia mzio: mwili hukataa kitu ambacho wengine hula bila shida, na mara nyingi ni kile kinacholiwa kila siku. "Mpe maini ya mbuzi peke yake. Samaki asionje, hata kichwa."

"Paka wa Kisumu asile samaki?" Mama Zuhura akauliza. "Watasema nimemroga."

Ilichukua wiki nyingi. Majirani walikuja kumtazama paka anayekula kama chifu. Manyoya yalipoota, Daktari alituagiza tumrudishie omena kidogo tupate uhakika. Akaanza kujikuna. Tukaziondoa, akatulia. Mwenye nyumba mwenyewe akaja kumwazima kwa ajili ya panya wake.

"Ngoja nimuulize Sultani," Mama Zuhura akamwambia, "kama amesahau lile onyo."

Kabla ya Sultani nililaza paka wengine waliojikuna, na waliowafuga sikuwauliza juu ya mboga. Paka hao siwezi kuwarudisha, na bado nawafikiria. Lakini baada yake nilifanya kazi kwa furaha zaidi, kwa sababu nilianza kusikiliza majibu.

Nilistaafu kwa hiari kabla ya umri, katika miaka ya tisini. Siku ya kuagwa, Mama Zuhura aliingia na kikapu, akamweka Sultani, mzee sasa, kwenye mapaja ya suti yangu nyeusi.

"Muage," akasema. "Si wewe ulitaka kumuaga mapema?"

Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Sultani alilala pale mpaka hotuba zikaisha. Nilipofika nyumbani mke wangu aliona suti imejaa manyoya, akachukua brashi. Nikamwambia ayaache kwanza.