Kikombe cha Pacha

Juzi, hospitalini hapa Eldoret, daktari mmoja mtafiti alikuwa akitafuta mapacha, mmoja mlevi na mwingine asiyekunywa, awapige picha za ubongo alinganishe. Jirani yangu wa mtaa wa Pioneer akajitokeza peke yake, akinuka pombe ya chang'aa.

“Mzee, pacha wako yuko wapi?”

“Waliniulia yeye, ile vita ya uchaguzi.”

“Pole sana. Alikuwa anakunywa?”

“Akiwa hai, hapana. Siku hizi anakunywa. Mama alitufunza pacha hapewi kitu peke yake, kwa hivyo nikiitisha kikombe, naitisha na chake.”

“Na chake humalizwa na nani?”

Mzee akaangalia mikono yake. “Sasa daktari, nimwage?”

Alirudishwa nyumbani, maana utafiti unataka wawili. Sisi majirani tulimpima zamani bila mashine, tukamwita mlevi. Hakuna aliyewahi kuuliza kikombe cha pili ni cha nani.