Maziwa ya Kurwa, Uji wa Doto

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini mwaka ule, Vita Vikuu vya Pili vikiwa vimekwisha na meli za ziwani zimeanza tena kubeba abiria badala ya askari, nilizimeza hasira zangu zote, kwa sababu kulikuwa na kitu nilichokitaka kuliko chochote nilichowahi kukitaka.

Nilikuwa daktari msaidizi katika hospitali moja ya Mwanza, wodi ya watoto. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba Kampala wanatafuta daktari msaidizi mmoja kutoka Tanganyika, Mwafrika, kijana, akasomee magonjwa ya watoto na kufanya utafiti chini ya mabingwa. Mmoja tu kwa nchi nzima! Na aliyeitaka nafasi hiyo alipaswa kwanza apeleke utafiti wake mwenyewe juu ya ugonjwa wa watoto wa kwao. Nikiikosa, ilijulikana ningepelekwa zahanati ya porini huko, kupaka watu dawa ya upele mpaka meno yanitoke.

Ugonjwa nilikuwa nao mbele ya macho kila siku. Mtoto akishaachishwa ziwa anaanza kuvimba miguu, halafu uso, nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inababuka, na yeye mwenyewe anakaa tu, hataki kucheza wala kula. Wakubwa wa Kampala walisema ni minyoo. Bwana Mganga wetu, Mwingereza aliyekuwa akiisimamia hospitali, alishikilia kwamba ni chakula, na kwamba maziwa yangewaponya. Akaagiza makopo ya maziwa ya unga, akanipangia kazi. Watoto wa upande mmoja wa wodi wangepewa maziwa. Wa upande wa pili wangeendelea na uji wa muhogo kama kawaida. Tungewapima uzito pande zote mbili, halafu tulinganishe.

"Andika wewe," akaniambia. "Jina liwe lako. Hao watu wa Kampala watakuchukua mbio."

Loo, nilivyofurahi! Nilitembea toka hospitali mpaka nyumbani, mtaa wa Mirongo, nikicheka peke yangu barabarani kama kichaa.

Furaha haikudumu. Upande wa maziwa watoto walianza kufunguka macho. Upande wa uji tulimzika mmoja, na akina mama wa upande ule wakawa wananitazama ninavyopita na jagi. Nilijikaza. Nilijiambia tukimaliza, tutakuwa na ushahidi, na serikali italeta maziwa kwa watoto wote wa ziwa hili. Nililiamini hilo, na hata leo sisemi lilikuwa uongo.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka upande wa Sengerema, amevuka na mtumbwi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Mapacha wa kiume, wote wamevimba. Huku kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa kurwa, na anayemfuata huitwa doto. Bwana Mganga alipowaona alisugua mikono.

"Mama mmoja, nyumba moja, umri mmoja," akasema. "Mmoja maziwa, mmoja uji. Hatuwezi kupata ushahidi bora kuliko huu."

Mimi nimezaliwa na kukulia hapa hapa Ilemela, najua mapacha wanavyolelewa. Ukimshonea kurwa nguo, umeshona na ya doto. Ukimpa mmoja kiazi, mkono wako wa pili uwe na kiazi kingine. Ukimbagua mmoja, watu watakwambia amekasirika, na pacha akikasirika anaondoka duniani. Nilimweleza Bwana Mganga hayo yote. Akacheka, si kwa ubaya.

"Hayo ni ya nyumbani kwao," akasema. "Hapa ni hospitali."

Nilitaka kumjibu, na jibu nilikuwa nalo hapa kwenye ncha ya ulimi. Nikaifikiria Kampala, nikalimeza. Nikajipa moyo kwamba mama akishaingia ndani ya ukuta wa hospitali atafuata ya hospitali. Kura ikamwangukia kurwa apate maziwa. Kwa sababu nilijua mama angejaribu kuyagawa, nilisimama pale kitandani mwenyewe kila mara, nikihakikisha kurwa amekunywa kikombe chote ndipo niondoke.

Mwanzoni mama alivumilia. Kurwa akaanza kupungua uvimbe. Doto akazidi, mpaka macho yakawa kama yameshonwa. Mama mapacha akaacha kunisalimu. Halafu asubuhi moja nikafika na kikombe, nikamkuta ameweka kiganja juu ya mdomo wa kurwa.

"Leo hanywi, daktari," akasema.

"Kwa nini asinywe? Humwoni alivyopata nafuu?"

"Namwona. Na mwenzake namwona pia. Doto asipokunywa, na huyu hanywi."

"Mama mapacha, unataka kuwaua wote wawili?"

"Wewe ndiye unayetaka kuniachia mmoja," akasema. "Na huyo mmoja hatabaki. Nawajua wanangu, walikuja pamoja."

Nilibembeleza. Nilifoka pia, tena kwa Kisukuma, ili asije akasema hakunielewa. Wapi! Mchana hivyo hivyo, kesho yake hivyo hivyo, kiganja juu ya mdomo, na yeye mwenyewe hali kitu. Tulipompima kurwa uzito ulikuwa umeshuka, na uso umeanza kujaa tena. Mimi nilikuwa nikiogopa mama atagawa maziwa, kumbe yeye alikuwa anagawa njaa, na alikuwa anaigawa sawasawa.

Nikaenda kwa Bwana Mganga. Akanisikiliza, akafungua kabati, akanikabidhi mpira mwembamba wa kumpitishia mgonjwa chakula puani.

"Mlishe kurwa kwa huu. Mwite dresa wa kufunga vidonda, amshike mama. Ukimpa doto maziwa sasa, kazi yote imeharibika, na hakuna muda wa kuanza upya. Unaelewa maana yake kwako?"

"Naelewa, bwana."

Nilirudi wodini na ule mpira mfukoni. Mama mapacha aliuona ukichungulia. Aliwakusanya wanawe wote wawili mapajani, akawafunika na kanga, akaniangalia tu. Doto alikuwa anapumua kwa shida, mdomo wazi, midomo imekauka. Niliufikiria mkono wa dresa ukimbana yule mama ukutani wakati mimi natia mpira kwenye pua ya mtoto ambaye kinywa chake ni kizima, kisa yuko mwenzake hapo hapo anayekufa kwa kukosa kitu hicho hicho. Ebo! Nilisikia damu ikinipanda kichwani. Nikaenda mezani, nikakoroga maziwa, nikarudi na vikombe viwili.

Kiganja kikaondoka. Kurwa alikunywa kwa pupa. Doto alitapika funda la kwanza, na la pili. Nikapiga magoti, nikamnywesha kwa kijiko, tone baada ya tone, mpaka mgongo ukaniuma. Jioni alikuwa bado anapumua, na maziwa yalikuwa yamekaa tumboni. Doto aliishi. Nalisema mapema kwa sababu mimi mwenyewe siku ile nilikuwa roho juu, na simtakii mtu mwingine hali hiyo.

Bwana Mganga alipopata habari hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Aliketi akafikiri, akasema bado kuna njia. Mapacha waruhusiwe kesho asubuhi na mapema, warudi kwao na mtumbwi wa kwanza, na katika ripoti wasitajwe. Wale wengine wangetosha.

"Doto hatafika, bwana. Atafia njiani."

"Huenda. Lakini akina mama wengine wakishaona umempa, utawaambia nini? Fikiria hao, na jifikirie na wewe mwenyewe. Nataka uende Kampala. Nataka kweli."

Najua alitaka. Ndiyo maana sikuweza kumchukia.

Asubuhi nilifika wodini sijui nitamwambia nini mama mapacha. Sikuhitaji kumwambia kitu. Akina mama wa upande wa uji walikuwa wamesimama mbele ya meza yangu, kila mmoja na bakuli lake. Mbele kabisa alikuwa mama wa binti aliyekuwa amelala macho wazi tangu juzi, hageuki hata akiitwa. Hakuna aliyesema "tunaomba". Walikuwa wameona vikombe viwili, basi.

Makopo yaliyobaki yangetosha upande mmoja mpaka mwisho wa utafiti. Tukigawa kwa wote, yangekwisha kabla ya kupima mara nyingine, na kusingekuwa na pande mbili za kulinganisha wala ripoti ya kupeleka. Nilijua, na nilijua meli ya kupeleka ripoti Kampala inaondoka lini. Nikafungua kopo, nikakoroga, nikachukua upawa.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Bwana Mganga akasimama pale na kofia mkononi.

"Hiyo ni nafasi yako unayoigawa," akasema kwa Kiingereza, taratibu. "Hawatakupa nyingine."

"Najua, bwana."

Nasema kweli. Niliitaka Kampala, nilitaka kusoma, nilitaka siku moja niingie wodi kama ile nikijua mambo yote ambayo sikuyajua siku ile. Upawa ulikuwa umejaa, na nimebaki nao hewani. Mama wa yule binti akadhani nimeghairi. Akalivuta bakuli lake kifuani, akaanza kurudi nyuma.

"Aka, mama, unakwenda wapi?" nikamwambia. "Lete bakuli."