Orodha ya Alhamisi

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu haina uhusiano wowote na mpira wa Waaustralia. Lakini mwaka elfu mbili kumi na saba, kuanzia baridi ilipoanza Johannesburg mpaka ilipokaribia kwisha, niliujua mpira ule kuliko nilivyowajua wateja wangu. Ungeniuliza nani nguzo ya ulinzi, nani anauguza goti, timu gani bado ina matumaini na ipi imeshajifia, ningekujibu pini zikiwa mdomoni. Pale dukani Yeoville tulikuwa watatu tunaogawana chumba kimoja. Mimi nilikaa dirishani na cherehani yangu, dada yangu mkubwa alisuka nywele katikati, na kule nyuma alikuwepo kinyozi mmoja Mtanzania, mtu wa Kigoma, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mashine yake.

"Fundi," alikuwa ananiuliza kila wiki, "huo mpira una umbo la papai, goli lina miti minne na halina wavu, watu wanaudaka kwa mikono halafu wanaupiga teke. Sasa huo ni mpira au ni ugomvi?"

Namjibu anyoe vichwa vya watu aniache.

Sababu ya yote hayo ni mtoto mmoja. Dada yangu alikuwa na kijana wa kumzaa mwenyewe huko Australia, umri miaka ishirini, mrefu wa kuinama mlangoni. Timu moja kubwa ya kule ilikuwa imemsajili, lakini msimu wa kwanza ukapita hajachezeshwa hata dakika moja, na wa pili nao ulikuwa unakwisha vilevile. Mkataba wake ulikuwa unaisha pamoja na msimu. Alitueleza mwenyewe bila kuficha: asipocheza mechi hata moja kabla ya mwisho, wanamwacha. Zilikuwa zimebaki mechi tatu. Ndiyo maana nilikuwa silali vizuri.

Sasa kuna jambo ambalo pale dukani halikuwa linasemwa. Vita ilipotutawanya kutoka Uvira, kwetu Kongo, dada alimkabidhi mtoto kwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake, avuke naye ziwa kwanza. Mtoto alikuwa na miaka sita. Dada alisema atafuata wiki ile ile. Wiki ile ile njia ikafungwa. Kule kambini Tanzania, wifi alipoulizwa huyu mtoto ni wa nani, akasema ni wangu, kwa sababu aliona watoto wasio na mzazi wanavyotengwa pembeni. Wala simlaumu, ningesema hivyo hivyo. Wakaandikwa hivyo, wakaishi hivyo, na baada ya miaka orodha ile ile ya wakimbizi ikawapeleka Australia. Dada yeye alikuwa ameshanifuata mimi huku kusini. Kufika wakati tunapata namba ya simu ya wifi, kwenye karatasi zote mtoto alikuwa na mama mwingine.

Basi tukaishi kinyume. Shangazi akawa mama, mama akawa shangazi. Tuliogopa neno moja tu likifika sikio baya, kijana ataulizwa aliingiaje nchi ya watu. Kama uoga ule ulikuwa na maana au haukuwa nayo sijui mpaka leo, maana hakuna aliyethubutu kumuuliza mtu anayejua. Hata yeye mwenyewe, kwenye ujumbe wa sauti, alikuwa anasema, "Shikamoo, shangazi." Dada anasikiliza mara tatu, halafu anajibu, "Marahaba, mwanangu." Mwanangu, shangazi yeyote anaweza kulisema. Alikuwa analisema taratibu, analivuta.

Na mimi mnijue, mimi ni mtu wa kujisifu. Nikishona suti nzuri barabara nzima itaijua. Kuwa na mpwa katika timu kubwa ya Australia halafu niseme tu "ni mtoto wa shemeji zetu", jamani, ilikuwa adhabu.

Kijana alikuwa beki wa nyuma kabisa. Kazi yake ilikuwa kuruka pamoja na mshambuliaji na kuupiga mpira ngumi usidakwe. Tatizo ni kwamba nafasi ile ilikuwa na mwenyewe, beki mkongwe, mtu ambaye magazeti ya kule yalimwita nguzo. Timu ilikuwa ya tisa, na zinazoendelea ni nane za juu. Nilisoma kila kitu kwenye simu. Nahodha wao goti bovu lakini atavumilia. Mrukaji wao wa katikati yuko sawa. Beki mkongwe, msuli wa paja unamsumbua, uamuzi utatolewa Alhamisi.

Msuli wa paja! Niliposoma pale nilihisi furaha ambayo si ya Mkristo.

"Dada," nikamwambia, "waambie wamama wa maombi waombe huo msuli usipone haraka."

Aliacha nywele za mteja katikati akanigeukia. "Huyo naye ni mtoto wa mtu. Nyamaza."

Nikanyamaza kwa mdomo.

Orodha ya wachezaji ilikuwa inatoka kila Alhamisi, saa nne na kitu asubuhi kwa saa za huku. Alhamisi ile nilifungua simu, nikashuka na majina mmoja mmoja. Mabeki, hayumo. Viungo, hayumo. Washambuliaji, hayumo. Nikafika chini kabisa, na pale chini, jina la mtoto wetu.

Nilipiga kelele mpaka mwenye spaza, kile kiduka cha upande wa pili, akatoka kuona nani kaibiwa. Dada alikaa chini sakafuni kwenye nywele zilizokatwa. Nilikimbia mpaka mtaa wa Berea kwa miguu, nikapita robot, taa za barabarani, ikiwa nyekundu bila kuiona, nikawaambia wamama wa kanisa kwamba mtoto wa wifi ya dada yangu anacheza Jumamosi. Wakaimba pale pale koridoni mwa jengo lao. Jumamosi wakaja dukani kumi na wawili, na soda, na keki, na kinyozi akawapisha viti vyake vyote.

Tukaangalia robo ya kwanza. Hayumo. "Wanamtunza," nikasema. Robo ya pili, hayumo. Robo ya tatu beki mkongwe alikuwa anaruka kama mbuzi, paja zima kabisa. Mama mmoja akauliza kwa upole, "Ni yupi sasa, baba?" Mwisho mwisho kamera ikapita pembeni, na tukamwona, amekaa nyuma ya benchi, amevaa koti zuri na tai.

"Kumbe kijana wenu anacheza na suti," alisema kinyozi. "Umemshonea wewe, fundi?"

Waliocheka walicheka. Jioni kijana alitutumia ujumbe akatueleza. Yale majina ya chini kabisa si ya wachezaji. Ni watu wa dharura, mtu akiamka na homa ndipo wanaitwa. Wiki nzima sikupita koridoni kwa wale wamama.

Mechi ile walishinda, na mimi niliyewashangilia miezi yote nilianza kuona kitu kibaya. Timu ikishinda, inabaki na matumaini ya kuingia nane za juu. Ikiwa na matumaini, kocha hagusi nguzo zake, anacheza na wakongwe wale wale. Ila ikishafungwa na matumaini yakaisha, mechi ya mwisho inakuwa haina kazi, ndipo makocha wanaingiza vijana wawaone. Niliyasoma hayo kwa mwandishi mmoja wa kule, nikayarudia mara mbili. Maana yake ilikuwa wazi. Ili mtoto wetu acheze, timu yetu ilibidi ife.

Wiki iliyofuata basi nilikaa mbele ya simu nikiiombea timu yangu ifungwe. Ni kazi ngumu hiyo, moyo unakataa. Nahodha akifunga naruka kwenye kiti, halafu nakumbuka, nakaa. Dada alikuwa anasuka, ananiangalia bila kuelewa. Sikumweleza. Walipitwa zikiwa zimebaki dakika mbili, wakafungwa kwa pointi chache tu, na nahodha alilala nyasini kajifunika uso. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Kinyozi akasema, "Eish, huyu sasa apelekwe hospitali."

Alhamisi ya mwisho sikuifungua mimi ile orodha. Nilimpa kinyozi simu, nikamwambia asome kuanzia juu, na akifika kwenye jina anyamaze kwanza ahakikishe liko juu ya mstari unaowatenga wale watu wa dharura. Akasoma. Kwenye safu ya mabeki akanyamaza. Akasoma tena. Kisha akanirudishia simu akasema, "Yumo. Yuko juu. Beki." Hakuna aliyepiga kelele. Dada aliosha mikono, akarudi kusuka, na vidole vyake vikawa vinakosea, mteja akalalamika, akafumua akaanza upya.

Furaha ilikaa kama saa moja hivi. Halafu nikakumbuka desturi yao. Mchezaji akicheza mechi yake ya kwanza, mzazi anaitwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya timu nzima, anamkabidhi mtoto jezi kwa mkono wake mwenyewe. Wanapiga video na kuisambaza dunia nzima. Na mzazi ni nani? Dada alikuwa anaijua desturi hiyo, kijana alishatusimulia. Niliona kabisa inakuja kama gari lisilo na breki, na sikujua nimsukume dada upande gani.

Mechi yenyewe walifungwa vibaya, na mkataba kijana aliongezewa mwaka mmoja. Hayo nilikuja kuyasherehekea kwa wakati wake, na wale wamama wakanisamehe. Lakini Jumamosi asubuhi, mechi ikiwa inaanza saa mbili na nusu, kwanza ilitoka video.

"Dada," nikasema, "hii tuiache. Tungoje mechi tu."

"Weka."

"Dada, nakuomba."

"Weka, nimesema."

Nikaisimamisha simu kwenye rafu, ikaegemea chupa za mafuta ya nywele. Kinyozi alikuwa na mteja mmoja Mzulu kitini, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Mle chumbani mwao wachezaji walikaa duara. Kocha alisema maneno, akasema sasa tunamkaribisha mama yake. Chini ya picha yakatokea maandishi, jina la wifi, na neno mama. Wifi akaingia, kavaa kitenge na kilemba, kanenepa kidogo. Kijana alisimama. Dada yangu alikuwa hajamwona amesimama mbele ya mtu wa kumlinganisha naye tangu alipokuwa wa kumfikia kiunoni. Wifi alifika kifuani kwake. Dada alishika ukingo wa kiti cha mteja, na mimi nilichukia dunia nzima, karatasi zake na mihuri yake, na nikajichukia mimi niliyeomba hii siku ifike.

Wifi alisema Kiingereza kidogo, wakacheka, akampa jezi. Wakapiga makofi. Nikadhani yameisha. Ndipo akamwacha mtoto, akageuka, akaangalia moja kwa moja kwenye kamera, akasema kwa Kiswahili, sauti ya juu, ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara:

"Wifi, mtoto wako huyu hapa. Amekua. Muangalie."

Kule wakapiga makofi tena, wamefurahi, hawajui wamesikia nini. Hapa kwetu mashine ya kinyozi ilizimwa. Nilimwona anaangalia simu, anaangalia dada, anarudi kwenye simu. Nikaanza kubwabwaja, "Unajua kwetu Kongo, mtoto wa ndugu, mtu anaweza kumwambia hata jirani..."

"Fundi," kinyozi akasema, "nyamaza."

Akaweka mashine chini. Akamsogelea dada, akampa mkono, mikono yote miwili, yeye kinyozi, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema jambo bila kutania.

"Kumbe ni wako," akasema. "Hongera, mama."

Dada alinitazama kwanza mimi. Nilitaka kumtikisia kichwa akatae, kwa mazoea ya miaka yote ile, na shingo ikagoma. Akamgeukia kinyozi.

"Ni wangu," alisema. Halafu, kwa yule Mzulu kitini ambaye alikuwa haelewi chochote, akaonyesha simu kwa kidole na kumwambia tena, kwa Kizulu chake cha kubahatisha, kwamba yule mrefu, yule wa jezi mpya, ni wake.