Emplifaya Kubwa ya Kumuimbisha Chebet

Wacha niwape hii nikiwa nimekaa, juu nikisimama nitatoroka: kuna watu pale Rongai, hii ya Nakuru, hadi leo wakiniona napita na gitaa wanafunika vikombe vya chai, na siwezi walaumu, juu hata mimi nikikumbuka hiyo siku masikio yanashika moto hadi unaweza pigia shati pasi.

Mimi ni fundi wa mageti, nachomelea chuma, shule tuliachana mapema bila ugomvi, lakini gitaa napiga (na napiga vizuri, hata maadui wangu wanakubali, na niko nao wengi kushinda kunguru wa soko). Zamani tulikuwa na kabendi ketu, mimi kwa gitaa, Wafula kwa ngoma, na Chebet akiimba, na Chebet akiimba hata ng'ombe ya maziwa ilikuwa inasahau kutafuna. Kwa ile klabu tulikuwa tunapigia kulikuwa na emplifaya ya zamani, zile za valvu, ziko na taa ndogo za glasi ndani zinawaka kama makaa, na hiyo kitu ukiigusa pole pole inatoa sauti safi kama maji, ukikaza mkono inaanza kukwaruza, lakini kukwaruza tamu, kama sauti ya mtu ameamka saa hii na bado hajakunywa chai. Chebet alikuwa ananiambia, "Ndirangu, ikikwaruza hivyo ndio najua pa kuingia."

Halafu Chebet akaenda Qatar kutafuta kazi. Klabu ikageuzwa stoo ya mahindi, emplifaya ikauzwa sijui wapi, mimi nikabaki na hizi za kisasa zinalia kama nyuki kwa mkebe. Kila jioni nikimaliza kazi napiga zile nyimbo zetu, nafika pale pake pa kuingia, nangoja, haingii mtu. (Wafula huingia, lakini sauti ya Wafula ni ya kufukuza nyani kwa shamba.)

Sasa mwaka jana napata meseji. Chebet amejengea mamake nyumba, anarudi kidogo tu kuifungua, kanisa itakuja kuomba, na anasema, "Nataka kuimba hiyo siku. Bado unapiga?" Hiyo "bado" niliisoma hadi simu ikaisha chaji. Nikajiambia, huyu mtu akisikia ile sauti ya zamani, akiimba juu yake hata mara moja, ndege ya kurudi itaenda bila yeye.

Nikashuka Nakuru kwa mzee Jasbir, anauza vyombo vya muziki vilivyotumika, familia yake imekuwa hapo mjini kabla babangu hajafika, na Kiswahili chake kinashinda changu. Alikuwa na emplifaya mbili za valvu, moja ndogo, moja kubwa.

"Unataka sauti gani, kijana?" (Mimi nina mvi, lakini nilikubali.)

"Iwe safi mzee, halafu nikikaza mkono ikwaruze."

"Basi chukua hii ndogo. Hii inachoka haraka, na valvu ikichoka ndio inakwaruza. Hiyo kubwa haichoki. Hadi usumbue Nakuru mzima ndio ianze."

"Lakini mzee, hii ndogo si ni kama ya kuwekea mkate?"

"Unanunulia masikio ama macho?"

Hapo ndio nilipotea. Nikamwona Chebet kwa akili, ametoka Doha (naskia huko hata choo iko na taa za rangi), anafika ananipata nimekaa kando ya kijisanduku cha mkate. Nikasema naenda na kubwa. Mzee akatingisha kilemba akaenda kutafuta kamba ya kuifungia.

Siku yenyewe tukaibeba watu wanne kuingia nayo kwa boma, na mamake Chebet akatoka mbio na furaha akiuliza, "Mmeniletea friji?" Ikabidi tumwambie hapana, na uso wake ukashuka kidogo, na mimi nikachukulia hiyo kama kitu kidogo, kumbe ilikuwa ndio mwanzo. Chebet akaja akanisalimia na mikono yote miwili. Nilikuwa na maneno nimepanga tangu Jumatatu. Nikasema, "Habari ya safari."

Pasta akaomba, utepe ukakatwa, watu wakapewa chai na mandazi chini ya hema, Chebet akashika maiki. Nikaanza. Na sauti ikatoka safi, wacha nisidanganye, safi hadi ungeweza kunyoa ndevu ukijiangalia ndani yake, lakini haikwaruzi. Nikakaza mkono, ikabaki safi. Chebet ananiangalia, anangoja pake pa kuingia. Nikarudia mwanzo, nikaongeza volyumu. Safi. Nikarudia tena, nikaongeza, chai ikaanza kutetemeka kwa vikombe. Nikaongeza. Kuku walihama. Kuna mzee alitoa kile kifaa chake cha kusikia akaweka mfukoni na bado alikuwa ananisikia vizuri kushinda mtu yeyote. Nikapeleka kile kifundo cha volyumu hadi mwisho, pale hakuna kwingine kwa kuzunguka, hema ikajaa upepo kama inataka kuenda Gilgil, na emplifaya bado inaimba kama malaika hajawahi kutenda dhambi.

Wafula akaniinamia. "Wewe, punguza. Unabomoa nyumba ya watu na haijalaliwa."

Na mimi nikainama juu ya gitaa ndio nimjibu chini ya maji, wengine wasisikie, mdomo karibu na nyuzi. Sasa hii gitaa yangu ni ya zamani, zile sumaku ziko chini ya nyuzi zimelegea, na ukifungua sauti sana zinashika hata maneno kama maiki (hii nilikuja kuelezwa baadaye, wakati haikuwa na faida). Nikasema:

"Siwezi punguza, Wafula. Huyu mwanamke nimemngoja tangu aende. Nikikosa hii sauti ataenda tena."

Ilitoka yote. Na hapo ndio nilijua mzee Jasbir si mtu wa kudanganya, juu hiyo kitu haikukwaruza hata neno moja.

Mtu mmoja huko nyuma, kwa mazoea tu, akasema, "Amina." Mamake Chebet akauliza ni nani ameongea, na Wafula, rafiki yangu wa maisha, akanionyesha na fimbo ya ngoma. Nikaona nijitetee. "Samahani, nilikuwa naambia Wafula peke yake." Na hiyo pia ikaenda hadi barabarani, juu nilikuwa bado nimeinama.

Chebet akaweka maiki chini. Akatembea hadi kwa emplifaya, akarudisha kifundo chini kabisa, halafu akafunika nyuzi zangu na kiganja ndio zisisikie.

"Ndirangu," akasema, "siku naondoka ulinisindikiza hadi steji. Tukangoja gari hapo mpaka jua ikatuchoma. Ulinielezea habari ya geti ya chuma."

"Ilikuwa geti mzuri."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nilikuwa naskiza kama utasema kingine. Sasa nimeshaweka sahihi mkataba mwingine."

Akarudi akaimba bila gitaa, wamama wa kanisa wakimpigia makofi, na mimi nikakaa juu ya emplifaya yangu kama mtu anauza friji. Aliimba vizuri sana. Alijua pa kuingia bila mtu kumkwaruzia.

Wiki hiyo hiyo akapanda ndege. Mimi nikarudisha ile kubwa kwa mzee Jasbir, tukabadilishana na ile ya mkate, akanicheka hadi akaomba kiti, na kweli inakwaruza vile nilikuwa nataka, karibu nilie nikiisikia mara ya kwanza. Lakini nimeapa, na ninyi ndio mashahidi: kitu ya moyoni sitaituma tena na emplifaya, iwe kubwa iwe ndogo. Mkataba wa Chebet ukiisha nitaenda hadi kwa uwanja wa ndege nimpokee mwenyewe, na gitaa nitaiacha kwa Wafula.