Mapumziko Yetu Katika Kariakoo ya Mbali

Daktari wa Riyadh alikuwa mtu mpole, na alizungumza kama anayesoma matangazo ya uwanja wa ndege. Alimtazama mume wangu, Baba Nasra, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali huku vifungo vya shati vimekwenda upande, akamwambia kwamba mshipa wa moyo umeshazibuliwa, dawa atakunywa kila siku, na sasa kilichobaki ni kupumzika. Asinyanyue mizigo, asikasirike, asibishane na mtu.

"Mtu yeyote?" Baba Nasra akauliza.

"Yeyote."

"Hata nikiwa na haki?"

Daktari alinigeukia mimi, akanitazama kwa huruma kama mtu anayekabidhi mtoto mkorofi kwa mwalimu mpya. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kumpumzisha mume wangu.

Sisi ni watu wa Ghulail, Jeddah. Wazee wetu walihama Unguja mwaka wa sitini na nne, na Baba Nasra kazaliwa Jeddah, kasoma Jeddah, kafanya kazi ya kusimamia ghala bandarini mpaka alipostaafu. Mie nilifundisha watoto wadogo katika skuli moja inayosomesha kwa Kiingereza. Tangu astaafu, mwenzangu hajawahi kukaa kitako. Makabati yangu ya jikoni kayapanga upya kwa utaratibu wa ghala, vizito chini vyepesi juu, hata chumvi ndani ya nyumba yangu nikawa naitafuta kama mgeni.

Mtoto wetu mmoja tu, Nasra, anafanya kazi ofisini Riyadh na anakaa Al-Murabba. Ndiye aliyetuita tuje kutibiwa kule, ndiye aliyetupokea baada ya hospitali, na ndiye aliyekata shauri.

"Mtarudi Carriacou," alisema. "Kule ndiko pekee nilikowahi kusikia kwamba Baba kalala mchana."

Ilikuwa kweli. Carriacou ni kisiwa kidogo huko Karibiani, karibu na Grenada. Nasra alipokuwa akisoma ng'ambo alikaa nyumba moja na msichana wa huko, na mama wa yule msichana, Miss Verna, ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne juu ya kilima. Tulikwenda mara moja, kabla ya maradhi haya. Baba Nasra alikaa kwenye kiti chini ya mti wa mkungu, akalala mdomo wazi, na mie nikampiga picha kama ushahidi.

"Lakini si kimbunga kimepita kule?" nikauliza. "Si tuliona kwenye habari?"

"Nimeshazungumza na Miss Verna. Kasema njooni, chumba chenu kina paa."

Sote watatu tuliridhika na jibu hilo. Hakuna aliyeuliza habari za vyumba vyengine.

Jeddah tulikaa siku chache kufungasha. Jirani yangu Bi Mwanaisha alikuja kuaga, akauliza tunakwenda wapi hasa.

"Carriacou," nikamwambia.

"Kariakoo! Basi niletee khanga doti mbili, zile nzito."

Nikamweleza kwamba hii ni Kariakoo nyengine, ya ng'ambo ya pili ya dunia. Akafikiri kidogo. "Sasa mnapita London, mnavuka bahari nzima, mwende mkakae mbele ya bahari. Na hii ya hapa ina kasoro gani?"

Nikaendelea kufungasha. Nilitia ndani ya mkoba dawa zote za Baba Nasra, mashine ya kupimia presha, soksi za kubana miguu, na biskuti zisizo na chumvi. Nguo zangu zilikwenda popote palipobaki nafasi.

Ndani ya ndege mgonjwa alilala vizuri sana. Mie sikulala. Nilikaa namtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Kila kilipochelewa kushuka, nilimgusa bega naye akashtuka, nami nikamwambia, "Lala, lala, upumzike." Mpaka tunatua London kwa kubadilisha ndege, alikuwa keshaniomba kwa adabu nihame kiti.

Kutoka Grenada tulipanda boti ya abiria. Kilipoanza kuonekana kisiwa, Baba Nasra alikwenda kusimama kwenye ukingo. Vilima tulivyoviacha vya kijani vilikuwa vimesimama na miti mitupu, mingine imekatika katikati, mingine imeanza kuchipua majani juu ya vigogo. Nyumba nyingi zimefunikwa maturubai ya buluu. Nyengine zimebaki kuta, na ndani ya kuta watu wamepiga mahema.

"Maskini," akasema. Kisha, akinyoosha kidole, "Wale kule wamefunga turubai vibaya. Upepo ukija utaingia kwa chini."

"Baba Nasra," nikamwambia, "tumekuja kupumzika."

Gatini Hillsborough tulimkuta Miss Verna na gari lake la mizigo. Ni mwanamke mrefu, rika langu, na kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Alitukumbatia sote kwa pamoja, akamwita mume wangu "Mista Sefu" kama zamani, maana Seif haimkai mdomoni. Nyuma ya gari palikuwa na mabati.

"Msiyajali," alisema. "Wekeni mabegi juu yake. Yamekuja na boti hiyo hiyo yenu, nimeyangoja tangu mwezi uliopita."

Tulipofika kilimani, niliona kwamba Miss Verna hakusema uongo. Chumba chetu kilikuwa na paa. Ndicho pekee. Vyumba vyengine vitatu vilikuwa wazi mpaka mbinguni, na katika kimoja mlikuwa na kuku. Yeye mwenyewe alilala jikoni. Mkungu ulikuwa umeng'oka na mizizi. Kiti, hata hivyo, kilikuwepo. Alikifuta vumbi, akakiweka mahali palipokuwa na kivuli zamani, na Baba Nasra akakaa juani, kaelekezwa baharini, apumzike.

Nilimvuta Miss Verna pembeni. "Kwa nini hukutwambia?"

"Ningewaambia mngekuja?"

"Tusingekuja."

"Basi," alisema, bila ya haya yoyote. "Tangu kimbunga, wanaokuja hapa ni watu wa misaada, na wao hutaka kunipiga picha. Nilimtaka mtu aje kukaa tu, kama mgeni. Nikipata mgeni, najua mie bado nina nyumba ya wageni."

Asubuhi ya kwanza nilimpima presha, nikamkuta yuko sawa, nikamkalisha kitini. Fundi seremala alifika. Anaitwa Amos, na kwa kuwa kisiwa kizima kinamtaka, hufika anapofika. Alianza kupiga misumari kwenye vyumba vya nyuma. Baba Nasra, aliyepewa bahari nzima aitazame, alikigeuza kiti.

Siku ya pili kiti kilikuwa kimesogea. Siku ya tatu kilikuwa chini ya ngazi, na mgonjwa wangu kashika kopo la misumari. Ile iliyopinda alikuwa akiinyoosha juu ya jiwe.

"Nimekaa," aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Si unaona nimekaa?"

Tulibishana. Naam, mie niliyepewa kazi ya kuhakikisha habishani, nilibishana naye asubuhi, nikabishana naye baada ya adhuhuri, na baada ya kila ubishi nilimpima presha. Ilikuwa sawa kila mara, jambo lililonikera zaidi.

Siku moja nilikuwa nafua uani. Nikanyanyua macho, nikamwona Baba Nasra yuko juu ya ngazi, mikono miwili juu, anashikilia bati, na Amos yuko juu ya boriti anapigilia. Sijui nilipiga ukelele gani. Nakumbuka nilikimbia na shati lililolowa mkononi, nikisema, "Shuka! Shuka, halas, basi, unataka kunifia huku ugenini?" Nakumbuka anashuka, haraka haraka, uso umempauka. Halafu ule uwanja ukainuka ukaja kunipiga usoni.

Nilipofungua macho nilikuwa nyuma ya gari la mizigo, kichwa changu juu ya paja la mume wangu. Alikuwa akisoma dua kwa sauti, na baina ya aya na aya akimpigia kelele Miss Verna aliyekuwa usukani, "Yalla, yalla!" aongeze mwendo. Naye alikuwa anaelewa vizuri sana.

Kituo cha afya kilikuwa ndani ya kontena, maana jengo lenyewe kimbunga kimelichukua paa. Muuguzi, binti mwenye miwani, alinifunga kitambaa cha presha mkononi, akapima. Akapima tena mkono wa pili. Akamwita mwenzake.

"Mama, unatumia dawa gani ya presha?"

"Mie? Sina presha. Mgonjwa ni yeye."

Alimpima na Baba Nasra, kwa kuniridhisha. Akasema ya huyu bwana inapendeza. Yangu, akasema, ilikuwa ya mtu anayetakiwa kuwa hospitali, na ingeendelea hivyo ningepooza kabla ya kurudi kwetu. "Lini mara ya mwisho umepima?"

Mashine nilikuwa nayo. Nimeibeba kutoka Jeddah, naitoa kila asubuhi na kila jioni, na haikuwahi kunipitikia kuifunga kwenye mkono wangu mwenyewe.

Walinilaza pale mpaka ikateremka, wakanipa vidonge, kisha yule binti akamwambia mume wangu, nami nikilazimika kumfasiria, kwamba mkewe anatakiwa kupumzika. Asinyanyue kitu, asikasirishwe, asibishane na mtu. Na yeye mume asipande ngazi tena. Chini afanye kazi ndogo ndogo kama mwili unaitaka.

"Kasema nini?" Baba Nasra akauliza.

Nilifasiri yote, hata lile la kazi ndogo ndogo, ingawa lilinichoma.

Jioni ile alikaa kwenye ukingo wa kitanda chetu, chini ya paa pekee la nyumba ile. Mikono yake ilikuwa na malengelenge.

"Umenitisha, Zuwena," alisema. Mara nyingi huniita Mama Nasra. Jina langu hulitoa kwa nadra.

"Na wewe ulinitisha mwanzo. Kwa nini hutaki kukaa?"

Alitazama mikono yake. "Nikikaa kwenye kile kiti nausikia moyo. Unapiga, nahesabu. Nangoja ukosee. Nikishika nyundo siusikii."

"Mie nausikia tu," nikamwambia. "Hata ukiwa na nyundo. Nausikia tangu Riyadh."

Alilala kando yangu na nguo zake za vumbi. Kila siku humfukuza kitandani akiwa hivyo, lakini siku ile nilimwacha.

Siku zilizobaki, mgeni aliyekaa kwenye kiti nilikuwa mie. Miss Verna alinifungia turubai pawe na kivuli. Alileta shelisheli lililokuja na boti kutoka Grenada, maana ya kwao yote yameangushwa, na Baba Nasra akalipika kwa tui la nazi kama alivyomwona mama yake akipika Ghulail, kwa shelisheli la kutafutwa mji mzima. Miss Verna akasema hivyo ndivyo wanavyopika wao, isipokuwa wao hutia nyama ambayo sisi hatuli. Chumvi Baba Nasra hakutia, kwa ajili yangu. Sijala shelisheli baya kama lile, na nililimaliza. Alinipima presha asubuhi na jioni. Nikitaka kuinuka, hunikoholea kwa mbali.

Niliona kwamba kukaa ni kazi ngumu. Niliitazama ile bahari, nzuri kweli, na mawazo yangu yako jikoni, yako kwa Nasra, yako kwenye nguo zilizoanikwa. Nikausikia na wangu moyo. Hapo nikamfahamu mwenzangu kuliko nilivyomfahamu tangu anioe, na nikamwomba Amos anipe kopo la misumari. Tukawa tunanyoosha wawili, mie na Baba Nasra, kila mtu na jiwe lake.

Mvua ilinyesha mchana wa siku moja kabla hatujaondoka. Miss Verna alikimbilia ndani ya chumba cha pili, kile kilichokwisha kuezekwa, akasimama katikati, uso juu. Tukamfuata. Mvua ililia juu ya mabati mapya hata hatukusikiana. Hakuna tone lililoingia. Alikaa chini sakafuni, mwanamke yule wa vicheko, akalia, na Amos akavua kofia.

Jeddah tulipokelewa na Nasra, kaja kutoka Riyadh kwa ajili yetu. Alimtazama baba yake aliyepigwa na jua, akasema kumbe kupumzika kunafaa hivi. Baba yake akaweka mikono mifukoni. Mie nilimwambia ukweli nyumbani, baada ya kula, na alitukasirikia kila mmoja kwa zamu yake. Daktari wa hapa kanithibitishia vidonge. Tunapimana sasa, yeye ananipima mie, mie nampima yeye, na anayekutwa na presha ya juu ndiye anayeshinda ubishi wa siku hiyo.

Miezi michache baadaye Miss Verna akapiga simu. Vyumba vyote vinne vimeezekwa, wageni wameanza kuja, na amechoka mno. Binti yake kamkatia tiketi aje kwetu. Kasema hataki kutembezwa, hataki kuoneshwa kitu, anataka kukaa tu.

Amefika juzi. Leo asubuhi nilipoamka nilimkuta jikoni, kavaa kanzu yangu ya nyumbani, kafungua makabati yote na anatafuta kitu cha kufanya. Alishtuka kuniona, kama mtu aliyefumaniwa. Kiti tulichomwekea kipo pale pale mlangoni, na baraza ina upepo. Sikumwambia akakae. Nilimpa kisu na vitunguu.