Sauti ya Bibi Kinywani mwa Mtani

Kila ninapopanga chumba katika mji mpya, huketi kitandani nikajaribu kuisikia sauti ya bibi yangu. Miguu yake naikumbuka, na nyufa zake zilizojaa tope la mpunga. Kovu la kidevuni naliona. Sauti haiji. Nina miaka arobaini na kitu, nimehama mno, na bado haiji.

Najua tu kwamba ilikuwa ya kukwaruza. Bibi alilima mpunga nje kidogo ya Ifakara, na mpunga ulipoanza kukomaa alishinda shambani akiwafukuza ndege kwa makelele, hadi koo likaharibika. "Nendeni mkale kwa mama zenu!" aliwaambia. Mimi, niliyelelewa naye baada ya mama kufariki, aliniita mke mwenzangu, maana babu alikuwa mume wetu sote. "Mke mwenzangu, kupika leo ni zamu yako. Wewe ndiye unayependwa, mimi nimeshachuja."

Katika miaka ya 1950, nikiwa msichana, nilikuwa shule ya bweni ng'ambo ya mto Kilombero. Siku moja mjomba alikuja kunichukua. Alisema bibi anaumwa kidogo, ananiulizia. Mto ulikuwa umefurika, tukangoja kutwa nzima mpaka mwenye mtumbwi akakubali kutuvusha. Mjomba hakula, wala hakunitazama usoni. Kwetu aliye safarini haambiwi msiba, anaambiwa ugonjwa. Nilikuwa nalijua hilo, lakini sikutaka kulifikiria.

Tulipokaribia nyumbani, nikaisikia. Ile ile, ya kukwaruza, kutoka uani:

"Mnamaliza mchele wangu, walafi nyie! Nani kawaalika? Na huyo mke mwenzangu mbona haji? Kapata mume mwingine huko shuleni?"

Watu wakaangua kicheko.

Amepona! Nikatupa kifurushi changu nikakimbia, mjomba akiniita nyuma yangu, nikaingia uani nikipaza sauti, "Shikamoo, bibi!"

Aliyeketi kwenye kigoda cha bibi alikuwa mwanamke mwingine. Alikuwa amejifunga kaniki ya bibi, ameshika fimbo yake ya shambani. Nilimfahamu: mtani wetu kutoka Lipangalala, kijiji cha jirani. Alikuwa akifanya kazi ya mtani msibani, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke katikati ya kilio. Bibi walikuwa wamemzika jana yake.

Kicheko kilikatika. Mtani akaiweka fimbo chini. "Pole, mwanangu," akasema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Kumbe hawajakuambia?"

Matanga yalipokwisha nilirudi shule, na huko nikagundua kwamba kila nilipomkumbuka bibi akizungumza, sauti iliyokuja ilikuwa ile ya uani. Ya kwake ilikuwa imefunikwa. Hata hivyo niliing'ang'ania hiyo hiyo, kwa kuwa sikuwa na nyingine, na ilipoanza kufifia nikashikwa na hofu. Likizo iliyofuata, mpunga ukiwa umeshavunwa, nilikwenda Lipangalala. Mtani alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko shuleni mnalishwa nyasi?"

"Nataka uniite. Kama siku ile."

Akaweka ungo chini. "Msiba umekwisha, mwanangu. Nikimwigiza leo nitakuwa namdhihaki."

"Mara moja tu." Nikapiga magoti.

Akakohoa, akajaribu. "Mke mwenzangu..." Ikatoka sauti ya mwanamke aliyechoka. Akajaribu tena, akashindwa, na machozi yakamtoka. "Bibi yako alinitukana tangu nikiwa mwari," akasema. "Tukikutana sokoni ananiita mwizi wa kuku, mbele za watu! Sasa nani atanitukana? Nenda nyumbani."

Sikumwonea huruma. Niliondoka na hasira, na njiani, katikati ya mabua makavu, nikaamua kuitoa mwenyewe. Nikakaza koo. Nikajiita, nikajitukana, nikapiga kelele. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakaacha ndoo zao kunitazama, na mmoja akaniuliza ninatafuta nani. Nilirudia na kurudia mpaka koo likaniuma, na kilichotoka muda wote kilikuwa sauti ya msichana anayelia.

Nilipofika mlangoni kwetu nikanyamaza nisikilize kichwani. Ya bibi haikuwepo. Na ile ya mtani nayo ilikuwa imeondoka.