Povu la Vyura Ukutani

Bonde la Mapinga lilipokuwa bonde, kabla halijakatwa viwanja, hakuna aliyepanda mpunga kwa kutazama mawingu. Watu walitazama vyura wa mitini. Hao hutundika mayai yao ndani ya povu jeupe juu ya dimbwi, na hawalitundiki mpaka wawe na hakika kwamba viluwiluwi watadondokea majini. Siku hizi watu huuliza simu.

Mwanahija hakuuliza simu. Alikuwa na kapu moja la mbegu aliyoachiwa na mama yake, mbegu ambayo dukani haipo. Ikiungua na jua, imekwisha.

Mvua ya kwanza ya masika ilipopiga, Shuaibu, mdogo wa marehemu mumewe, alipanda siku ileile.

"Shemeji, unangoja vyura wakuoe?" alimtania kutoka ng'ambo ya tuta.

"Nangoja wanipe ruhusa. Wewe kakupa nani?"

Jua likarudi, kali. Miche ya Shuaibu ikanyauka, na utani ukamwisha.

Mvua ya pili ikaja na kukaa. Dimbwi likajaa, lakini povu halikuonekana. Kila asubuhi Mwanahija alikwenda pale mzambarau ulipokuwa ukiinamia maji, vyura walipotundika povu tangu enzi za mama yake, akakuta kisiki. Mwenye kiwanja kipya alikuwa ameukata na kujenga ukuta hadi ndani ya dimbwi. Majirani walikwisha kupanda. Akichelewa zaidi, mpunga wake ungekutwa na kiangazi. Hata hivyo kapu hakuligusa.

Ndipo kosa lake lilipomjia: alikuwa akitazama kisiki, kana kwamba vyura nao wamekaa matanga. Akapandisha kanga, akaingia majini mpaka magotini, akazunguka nyuma ya ukuta. Povu lilikuwapo, mafungu mafungu, limebandikwa kwenye matofali juu ya maji, na kando yake chura wa kijivu amejikunyata kama donge la plasta.

"Liko wapi hilo povu?" Shuaibu aliuliza alipomwona anakuja na kapu.

"Ukutani kwa bwana wa mjini."

"Wameingia bila hodi?"

"Hodi angepiga yeye, aliwakuta. Shika jembe, shemeji. Wewe chimba, mimi natia mbegu."

Wakapanda hadi alasiri. Mwanahija akalifudikiza kapu juu ya tuta, hata konzi moja ya akiba hakubakiza. Mama yake naye hakuwa akibakiza, ila yeye alikuwa na mzambarau.